Oda Mia Tatu, Sufuria Mbili

Mpwa wangu anapika ubuyu kule Mbagala Rangi Tatu. Ni ubuyu wa kawaida: mbegu zinazoletwa kwa magunia kutoka Dodoma, sukari, iliki, vanila, pilipili kidogo, na ile rangi nyekundu inayomfanya mtoto aonekane kama kapigwa ngumi ya mdomo. Ijumaa moja saa tano usiku alinipigia simu kwa kelele mpaka nikadhani kuna msiba.

"Mjomba, oda mia tatu! Tangu saa mbili tu!"

Alikuwa amemlipa binti mmoja mwenye wafuasi wengi Instagram shilingi 400,000. Binti kaposti video anatafuna ubuyu huku kafumba macho, basi, simu ikawa haishikiki. Nikampongeza. Kisha nikamuuliza ana sufuria ngapi. Kukawa kimya kidogo.

"Mbili," akasema.

Sufuria mbili zilikuwa zinampa pakiti 80 kwa siku, siku ambayo gesi haikukata katikati. Jumapili mbegu zikaisha. Akakimbilia kwa muuzaji mwingine, mzigo haukuwa umekauka vizuri, sukari ikagoma kushika, ubuyu ukafika kwa watu umegandana kama gundi. Wa Mwanza, waliotumiwa kwa basi, walipokea kitu cha kunywa. Hadi Jumatano lile neno ambalo kila muuza mtandaoni analiogopa likawa limeshaandikwa chini ya picha zake: tapeli. Waliokuwa wamelipa kwa lipa namba na hawajaona mzigo walikuwa na haki ya kuliandika. Video yenyewe haikuwepo tena. Makubaliano yalikuwa ikae saa 24.

Tuweke hesabu mezani. Pakiti anauza 1,000. Ukitoa mbegu, sukari, gesi, mfuko na lebo inabaki 200. Ili tangazo la laki nne lirudishe hela yake, lazima ziuzwe pakiti 2,000. Kwa sufuria mbili hizo ni siku 25 za kupika bila kupumzika, na siku zote hizo mpishi hajapata hata ya vocha. Hesabu hii inatosha nyuma ya risiti, na mimi mwenyewe sikumfanyia kabla hajatoa pesa, kwa hiyo sina ubavu wa kumcheka. Nilikuwa na mawazo yaleyale aliyokuwa nayo yeye: kwamba tatizo la biashara mpya ni kutojulikana, na dawa yake ni kujulikana.

Huku kwetu tuna msemo wa haraka kwa jambo hili: biashara matangazo. Wazee nao wana la kwao linalovuta upande wa pili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayeanza biashara hutupiwa yote mawili kwa wiki moja, mara nyingi na mtu mmoja. Naona yote mawili yanampoteza.

La wazee lilifaa mtaa ambao harufu ya mkate wa kumimina inapita dirishani, na anayeunusa anajua ni mkate wa nani na mlango upi. Dar es Salaam ya leo, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 5. Harufu ya Mbagala haifiki Kimara. Halafu methali yenyewe ina kasoro ambayo pwani yote inaivaa kiunoni. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alianza kuuza khanga zilizokuja kujulikana kwa alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Anatajwa sana kuwa ndiye aliyezipa khanga maneno. Tafakari alichokuwa anauza. Maua na mapambo kila mwenye duka alikuwa nayo. Wanawake walihitaji pia kitu cha kumwambia jirani, wifi au mke mwenza bila kufungua mdomo. Akawauzia sauti. Na kila aliyeivaa akaitembeza: sokoni, kisimani, harusini, ikasomwa na wanaojua kusoma na ikasomewa wasiojua. Kwa hiyo kizuri nacho kilijitembeza, tena kwa miguu ya wateja wenyewe.

Huo msemo mwingine, biashara matangazo, kosa lake ni la mpangilio. Unamfanya mtu aweke tangazo mwanzo, wakati mahali pake ni hatua ya nne au ya tano. Ninachokitetea ni hiki: biashara changa ina njaa zaidi ya habari zinazotoka kwa wateja kuliko zinazokwenda kwao. Shughuli za masoko zinazoikuza ni zile zinazorudisha habari nyumbani, hata kama ni za kimyakimya na hazipendezi kwenye picha. Zinazopiga kelele tu huikuta haijakomaa na huivunja mgongo.

Mfano mkubwa kuliko yote tunaushika mkononi kila siku mpaka tumesahau ulikotoka. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu M-Pesa kwa wateja wasiozidi 500 hivi, Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Kusudi lilikuwa kulipia marejesho ya mikopo kwa simu. Wale watu wakaipokea huduma, kisha wakaanza kufanya ya kwao. Mmoja anamtumia mwenzake aliye mbali. Mwingine anaweka pesa kwenye simu kabla ya kupanda gari, anazitoa akifika, asije akaporwa njiani. Wengine wakalipana wenyewe kwa wenyewe. Upande wa mikopo, ambao ndio uliokuwa sababu ya yote, ukageuka kuwa maumivu ya kichwa kwa wahasibu.

Waliokuwa wakisimamia jaribio wangeweza kuongeza mabango ya kuhimiza marejesho. Wakatazama watu wanafanya nini, wakaiweka mikopo kando. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Wanaofundisha masoko huusifu sana ujumbe ule kwa ufupi wake. Mimi naona waandishi wake walikuwa wale watu 500, na waliuandika kwa vidole kabla ya mtu wa matangazo kuitwa kwenye kikao.

Sasa njoo upande wetu. Vodacom iliizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008, jina lilelile, kazi ileile. Miezi 14 baada ya kuzinduliwa, Kenya ilikuwa na wateja karibu milioni 2.7. Tanzania, kwa muda kama huo, 280,000 hivi. Sababu ziko nyingi, na si haki kumtupia lawama mtu mmoja. Kenya, Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la simu. Huku laini ziligawanyika baina ya makampuni kadhaa. Kenya ina kilomita za mraba 580,000 hivi, Tanzania karibu 945,000. Kijana wa Kariakoo anatuma, mama yake Sumbawanga anapokea ujumbe, halafu anaanza kutafuta wakala. Akimpata, wakala hana floti, yaani akiba ya pesa ya kumpa. Hapo hakuna wimbo wa redio utakaosaidia. Kilichoikuza baadaye, kwa ninavyoona, ni mawakala kuzidi kuwa karibu na watu, na vile vibanda kupakwa rangi nyekundu mtaa kwa mtaa. Televisheni ilikwambia inawezekana. Kibanda chekundu pembeni ya msikiti kilikwambia wapi, na yule dada aliyekaa ndani, unayemjua kwa jina na kwa ukoo, alikwambia pesa yako haitapotea.

(Nikiwa kwenye rangi: duka la mangi wa mtaani kwetu nimeliona likiwa jekundu, likawa la bluu, likawa jekundu tena la kampuni nyingine ya soda. Mangi hajawahi kununua kopo hata moja la rangi tangu nimfahamu. Huyo ndiye mfanyabiashara.)

Benki ya Equity ya Kenya nayo ina hadithi inayopenda kusimuliwa kama muujiza. Ilianza 1984 kama Equity Building Society, na kufikia 1993 ilikuwa imefilisika kivitabu. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, na miaka miwili baadaye hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni Nairobi. Sehemu ya hadithi isiyosimuliwa sana ni ya 2001, walipokwenda kukaa na wateja wao, kwa msaada wa MicroSave, shirika la kushauri taasisi za fedha za watu wa kipato cha chini, na kuwauliza kinachowaudhi. Mambo waliyoyapata hayakuwa ya ajabu hata kidogo. Watu walikuwa wanachukia makato madogo madogo wasiyoyaelewa. Muuza mboga akiweka 500 akakuta 470, haendi kumuuliza meneja. Anakaa kimya, anarudi kwenye kibubu. Equity ikarahisisha ada zake, na jina ikajijengea kwa kufungua akaunti bila sharti la kiasi cha chini na bila ada ya kila mwezi. Wakati benki kubwa zilikuwa zinawafukuza wateja wadogo kwa masharti, hiyo peke yake ilikuwa tangazo linalotembea kutoka kibanda hadi kibanda.

Upande wa pili wa shilingi, tuwatazame waliokuwa na sufuria mia. Jumia, duka la mtandaoni, ilianza Lagos 2012, ikaenea nchi nyingi, Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York. Novemba mwaka huohuo ikafunga duka Tanzania, ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Sisemi matangazo ndiyo yaliyoiondoa; usafirishaji wa mizigo katika miji isiyo na anwani za kueleweka ni shughuli peke yake. Lakini kampuni hiyo kwa miaka mingi ilitumia pesa nyingi sana kwenye matangazo na punguzo huku ikipata hasara mfululizo, na uongozi mpya ulioingia mwishoni mwa 2022 moja ya mambo ya kwanza uliyokata ni bajeti ya matangazo. Mteja aliyekuja kwa kuponi ni mteja wa kuponi. Kuponi ikiisha, anaangalia ya jirani. Kampuni yenye wawekezaji wa New York inaweza kuishi na ukweli huo miaka kumi. Mpishi wa ubuyu anaishi nao wiki mbili.

Kuna jambo lisilogharimu hata shilingi ambalo nalo linaua biashara changa, na hapa naomba ruhusa ya kulalamika. Ni hii "bei DM". Nimeona kiti kizuri cha mninga, nimeuliza bei hadharani, nimejibiwa "karibu inbox mpendwa". Nimekwenda inbox. Nimeulizwa niko wapi, nataka vingapi, ni cha nyumbani au ofisini. Nikaanza kuhisi bei inapimwa kwa picha yangu ya wasifu. Wauzaji wana hoja zao na si za kupuuza: washindani wanachungulia, na wanunuzi wa jumla wana bei nyingine. Sawa. Lakini aliyekaa sokoni miaka ishirini anaweza kuficha bei kwa sababu jina lake ndilo dhamana. Aliyeanza mwezi uliopita hana dhamana nyingine zaidi ya uwazi. Akificha bei ameficha kitu pekee alichokuwa nacho cha kumfanya mgeni amwamini.

Nisieleweke kwamba nachukia tangazo. Baiskeli ya magurudumu matatu ya aiskrimu za Azam, ikipita mtaani na muziki wake, ni tangazo na duka kwa wakati mmoja: mtoto akisikia, bidhaa iko umbali wa mlango. Ukishajua nani anarudi kununua, kwa nini anarudi, na mikono yako inaweza kumhudumia yeye na wenzake kumi, hapo paza sauti, lipia redio, mtafute hata huyo binti wa kufumba macho. Ila hapo utakuwa unajua umwambie aseme nini.

Tatizo ni kwamba mfumo mzima wa kumsaidia anayeanza umejengwa kana kwamba swali hilo halipo. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango mzuri, na nitautetea popote. Lakini kikundi kinadaiwa andiko la mradi, na andiko linaandikwa na kijana wa steshenari iliyo jirani na ofisi. Ana nakala moja kwenye kompyuta. Anafuta "ufugaji wa kuku", anaandika "sabuni za maji". Nimewasaidia jamaa na marafiki kusoma maandiko ya namna hiyo yapata kumi. Kwenye kipengele cha masoko yote yana sentensi ileile, neno kwa neno: "Tutatangaza bidhaa zetu kupitia redio na mitandao ya kijamii." La sabuni lina hiyo. La kuku lina hiyo. La mashine ya kusaga mahindi, ambayo wateja wake wote wanaishi ndani ya mita mia tano, nalo lina hiyo. Laiti ningekuwa kwenye kamati ya kupitisha, ningefuta kipengele chote niweke sanduku moja la kujaza: taja watu ishirini watakaonunua mwezi wa kwanza, na wanaponunua sasa.

Mpwa wangu hakupata mkopo wa halmashauri. Alikopa kikoba cha mama yake, akarudisha pesa za watu mmoja mmoja. Ilimchukua wiki tatu. Ukurasa aliuacha ulivyo, na maoni ya "tapeli" hakuyafuta, jambo ambalo nilimshauri vinginevyo na nikakosea: waliorudishiwa hela walirudi wenyewe kuandika kwamba wamerudishiwa.

Kisha akaanza upya kwa njia ambayo bibi yangu angeielewa. Alikwenda kwa mangi wanne, akawaachia pakiti 20 kila mmoja kwa mali kauli: uza, nitakuja Jumamosi, unipe changu. Jumamosi anazunguka na daftari. Anahesabu zilizobaki, anapokea hela, halafu anauliza swali moja tu: "Nani amerudi?" Mangi mwanzo walimshangaa. Baada ya wiki mbili wakawa wanamsubiri na majibu.

Alikuwa ameapa wateja wake ni wanafunzi, ndiyo maana lebo yake ina katuni ya kima. Wanafunzi walinunua, lakini walinunua chochote chenye sukari kilichokuwa mbele yao. Waliokuwa wanarudi, tena kwa kutaja ubuyu wake, walikuwa wadada wa saluni. Duka moja lilikuwa linauza mara tatu ya mengine kwa sababu liko mkabala na saluni mbili. Akaenda kukaa kwenye moja, akasukwa yebo hata kama hakuwa na haja nayo, ili aone. Kuna saa nne za kukaa kwenye kiti, mteja hana la kufanya, msusi ana njaa, na kila mtu anatafuna kitu. Akaona pia kitu ambacho asingekiona kwenye simu hata angeposti miaka kumi: msusi alikuwa anaumung'unya ubuyu kwa shida, anauingiza mdomoni kwa kijiko, kwa kuwa akiushika rangi inabaki vidoleni na vidole vinaingia kwenye nywele za mtu.

Wiki iliyofuata alipika sufuria moja bila rangi. Ubuyu ukatoka na sura yake ya asili, mweupe wa kufifia, kama vumbi la chaki. Nilimwambia hautauzika, watu wanapenda wekundu. Sasa sufuria zote mbili hazina rangi, na ya tatu ameinunua mwezi uliopita. Anaweka kwenye vikopo badala ya mifuko, na msusi anayemuuzia mteja wake kikopo anabaki na 200. Saluni zimefika 11, zote anafika kwa miguu au kwa bajaji moja.

Yule binti wa Instagram alimtumia ujumbe karibuni: kwa kuwa ni mteja wa zamani, atamfanyia kwa laki mbili na nusu. Mpwa wangu hakumjibu vibaya. Alimwambia wawasiliane tena yeye akifikisha sufuria sita.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza kwenye mzunguko wake. Kwenye saluni ya tisa msusi alimpokea kwa malalamiko kabla hata hatujakaa. Kifuniko cha kikopo, alisema, kinateleza mikono ikiwa na mafuta. Inabidi amwombe mteja amfungulie, na mteja akishafungua anakula yeye. Wote wakacheka. Mpwa wangu alicheka pia, huku anatafuta kalamu kwenye pochi, akafungua daftari ukurasa mpya.